Kimya cha Wanawake Kumi na Wanne

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili mtu asijisumbue kutafuta mwingine kwenye boti.

Kila mwezi wa tano wanawake wa parokia yetu hufanya mafungo katika nyumba ya masista, kule juu ya bandari, mwisho wa ngazi. Kuanzia chakula cha jioni Ijumaa hadi kengele ya adhuhuri Jumapili hawatamki neno, isipokuwa sala na nyimbo. Jumapili, baada ya Misa, mimi huwapeleka kwa boti hadi kikanisa cha mabaharia, ghuba ya pili kutoka kwetu, wakatembee na kupiga picha, kisha nawarudisha wakale.

Mwaka huu mke wangu Fiorenza alikuwa mmoja wao. Fiorenza ana leseni ya unahodha mwaka wa pili sasa, ila usukani nilikuwa simpi. Alitaka jambo moja tu: siku ya maandamano ya baharini, mwezi wa nane, boti yetu inapobeba sanamu ya Bikira Maria, aendeshe yeye. Babu yangu aliendesha, baba yangu aliendesha, nami nilikuwa nimeshamwambia aendelee kukunja kamba. Basi Ijumaa ile, mlangoni pa mafungo, mbele ya Sista Gaudenzia anayewaongoza, nikamwekea dau. Wakimaliza bila hata mmoja wao kutamka neno, Bikira ni wake. Likimponyoka yeyote neno moja, habari ya usukani asinitajie tena mpaka nizikwe. Fiorenza akanipa mkono. Sista akaweka kidole mdomoni, akafunga mlango.

Nilishuka zile ngazi nikipiga mluzi. Wanawake kumi na wanne, na ndani yao yumo Iole muuza samaki, ambaye hata akila hubishana na miiba!

Jumapili nikawapakia wote, na Sista wa kumi na tano, nikaanza kazi. Nilisema mchuzi wa rihani wa mama mkwe wangu unafaa kuzibia matundu ya boti. Fiorenza akatazama maji. Nilisema Iole hupaka rangi mashavu ya samaki wake ili waonekane wametoka baharini jana. Iole akawa mwekundu kuliko hao samaki, akaibana midomo yake kwa vidole viwili. Nakiri nilikuwa nafaidi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumaliza hadithi bila kusahihishwa.

Kikanisani wakawasha mishumaa, wakapiga picha zao, wakarudi gatini. Sasa, kuhesabu abiria ni kazi ya Fiorenza. Huhesabu kwa sauti, akimgusa kila mtu bega, na mimi hata sigeuki. Siku hiyo alikuja mbele yangu akaninyooshea vidole kumi, kisha vinne, na uso umemkunjamana. Nikamwambia hata mimi nakupenda. Nikafungua kamba tukaondoka.

Wanawake wakaanza kupunga mikono kuelekea nyuma. Nikawaambia ndiyo, ni pazuri, yale majabali hata mimi huniliza. Iole akajichorea shela kichwani, akaonyesha gati. Nikamuuliza kama anataka kuwa sista, nikamshauri aoge kwanza. Ndipo akajaribu njia iliyoruhusiwa: akaanzisha wimbo wa kondoo aliyepotea. Wote wakaupokea, wamenikodolea macho, wakipiga mguu sakafuni kila walipofika kwenye kupotea. Nikaona imani imewapanda. Nikaingia na sauti ya nne, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nikiwaongozea kwaya.

Tulikuwa ubeti wa tatu Fiorenza alipokuja, akanishika mkanda wa suruali, akaniketisha kwenye benchi kama mzigo, akashika usukani. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Aligeuza boti katikati ya wimbi la ubavuni na hakuna hata mkoba ulioanguka. Ndipo nikaliona gati tena, na juu ya nguzo ya kufungia kamba kuna mtu amekaa, amevaa shela, anakula mkate.

Sista Gaudenzia alikuwa amerudi kikanisani kuchukua miwani.

Gati lile ni fupi na lina jabali upande wa kushoto. Ubavu wa boti yangu una mkwaruzo wa kila mwaka, na mwaka huu ulikuwa umeshapata wake asubuhi. Fiorenza aliingia kinyumenyume, akaisimamisha boti miguuni pa Sista kama mtu anayetua kikombe kwenye kisahani. Sista akapanda, akakung'uta makombo, akakaa. Kengele ya adhuhuri ikalia.

Walisali kwanza, niseme haki. Kisha nikayasikia yote niliyowekewa akiba tangu Ijumaa, kwa vinywa kumi na vitatu kwa mpigo, na habari ya mashavu ya samaki ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi. Fiorenza alisubiri wachoke.

"Umeshindwa, Ubaldo."

"Nimeshindwa wapi, na usukani umeninyang'anya?"

"Dau lilikuwa la ulimi. Mikono hukuitaja."

Kwa mke wangu nikaona njia imefungwa, nikamgeukia Sista. Nikamweleza kwamba miaka sitini Bikira anabebwa na wanaume wa nyumba yetu, na kwamba watu watasema, tena watasema mpaka mjini Genova.

"Na huyo Bikira mwenyewe, Sista," nikamalizia, "akijua yuko mikononi mwa mwanafunzi, atatulia kweli?"

Sista Gaudenzia akafuta miwani yake kwa pindo la shela, akaivaa, akanitazama vizuri.

"Ya Bikira siyajui, mwanangu. Mimi leo mmenibeba nyote wawili, na ni mmoja tu aliyejua kama nimo."