Binti Yangu Alimkataa Ng'ombe Wangu

Mimi ni muuza nyama, baba yangu alikuwa muuza nyama, na siku mke wangu alipojifungua binti niliapa kwamba kazi ya damu katika ukoo wetu itaishia kwangu. Huyu angekaa ofisini chini ya feni, avae viatu visivyooshwa kwa mpira wa maji.

Tulimpachika jina la Chozi kwa sababu utotoni alikuwa analilia hata kuku aliyekwishaingia chunguni. Mtoto wa muuza nyama! Wateja walinicheka mpaka nikazoea. Mwaka huu amemaliza shule, na chuo kikamkubalia kozi mbili: uhasibu na udaktari wa mifugo. Alitakiwa kuthibitisha moja kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mimi nilishachagua uhasibu. Yeye alisema bado anafikiria, na nikaona mawazo yake yote yana mkia na kwato.

Nikajiona mjanja. Nilimwendea daktari wa machinjio, ambaye mji mzima unamwita Bwana Muhuri kwa sababu nyama haitoki pale bila muhuri wake. Nikamwomba amchukue Chozi wiki tatu, amwonyeshe kazi.

"Usimfiche kitu," nikamwambia. "Matumbo, samadi, vyote."

Nilitaka harufu ifanye kazi ambayo maneno yangu yameshindwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku ile nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Wiki ya kwanza alirudi kila siku ananuka na anatabasamu. Wiki ya pili, Jumatatu, nikapeleka ng'ombe wangu.

Nilimnunua kwa Mama Maziwa, jirani anayeuzia mtaa wetu maziwa. Ng'ombe alikuwa amekauka maziwa na amekonda, ila umri ni umri, hata mimi nimekonda. Saa moja asubuhi alikuwa ameshachunwa, ananing'inia kwenye ndoano, mapafu na ini vimetundikwa pembeni. Bwana Muhuri alivitupia jicho, akaniuliza habari za nyumbani, akachovya muhuri kwenye wino.

"Daktari, mapafu bado hayajakatwa," Chozi akasema. Alikuwa amevaa koti jeupe lililomzidi na buti za mpira.

Bwana Muhuri akacheka. "Huyu ni wa baba yako, mama. Miaka kumi na minane namjua."

"Hata mimi namjua. Acha nikate tu."

"Kata upesi," nikasema. "Watu wananisubiri dukani."

Akazipapasa tezi zilizo katikati ya mapafu, akatia kisu. Nimeishi na visu maisha yangu yote. Najua kinavyolia kwenye nyama na kinavyolia kwenye mfupa. Pale hapakuwa na mfupa, lakini kisu kilikwaruza kama kinapita mchangani. Ndani kulikuwa na usaha mkavu wa manjano. Akakata tezi za koo, yaleyale. Akakata za paja, yaleyale. Bwana Muhuri akauweka muhuri chini.

"Haya, sema mwenyewe," akamwambia.

Chozi alinitazama mimi. "Kifua kikuu, na kimeenea mwili mzima. Hatoki, baba. Anakwenda kufukiwa shimoni."

"Kata pabaya, miguu inibakie."

"Hapana. Wote."

Damu nzito kuliko maji, ndivyo nilivyoamini mpaka asubuhi ile. Nikamgeukia Bwana Muhuri, naye akaangalia buti zake. Nikapandwa na mori. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa, na mengine nilimwambia mwanangu mbele ya wachunaji wote, kwamba sikumlea aje kunivua nguo hadharani. Alichukua kopo la rangi ya kijani wanayopaka nyama mbovu, akaipaka nyama yangu kuanzia shingo mpaka mkia.

Nyumbani nikanuna. Tukiwa meza moja namwambia mke wangu, "Mwambie binti yako asogeze chumvi," na Chozi anaisogeza kabla mama yake hajafungua kinywa. Mke wangu alinivumilia siku tatu. Ya nne akanishushia.

"Mwaka jana nani alimpigia kelele muuza nyama mwenzake kwa kuuza nyama isiyopimwa? Mkuki kwa nguruwe, mume wangu."

Nikaongeza sauti ya redio.

Mwisho wa wiki hiyo Bwana Muhuri alikuja dukani, na hakununua kitu. "Ndugu yangu," akasema, "nimekugongea muhuri kwa macho tu miaka mingapi? Kwa sababu ni wewe. Yule mtoto amenikumbusha kazi yangu." Alipoondoka nilibaki nimeshika shoka, nikawakumbuka watu niliowauzia miaka yote hiyo, wajawazito, wazee, watoto wanaotumwa na mama zao. Nilifunga mapema siku ile.

Hata hivyo sikumsemesha. Kiburi nacho ni ugonjwa, ila hakina tezi ya kukata.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, tukiwa tunakula, Chozi akanisemesha bila kupitia kwa mama yake. "Baba, kesho ndiyo mwisho. Nitachukua uhasibu."

Nilikuwa nimeshinda, na sahani nikaisukuma pembeni ikiwa nusu. "Vizuri," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia baada ya siku kumi.

Ijumaa asubuhi Mama Maziwa akatokea dukani. Nikajiandaa kwa ugomvi, maana nilijua ng'ombe wake waliobaki wamepimwa na wawili wamekutwa wagonjwa. Alikuwa amemshika mkono binti yake wa miaka sita, mwenye bandeji shingoni.

"Baba Chozi, daktari wako yuko wapi?"

"Daktari gani? Sina daktari mimi."

"Aliyekuja na Bwana Muhuri kupima ng'ombe. Bwana Muhuri alitazama ng'ombe. Yeye akamtazama mtoto."

Akanieleza. Mtoto alikuwa na uvimbe shingoni miezi mitano, nao wakiupaka dawa ya jipu. Chozi aliuliza kama anakunywa maziwa mabichi, akaambiwa ndiyo, yakitoka tu kwenye kiwele. Akamsihi Mama Maziwa ampeleke hospitali siku ileile, na akifika asisahau kutaja habari za ng'ombe.

"Wamempima," Mama Maziwa akasema. "Ni ugonjwa uleule. Dawa ameshaanza, na wanasema atapona. Atapona, Baba Chozi! Wanasema kama ningeendelea kungoja..." Aliushika mkono wangu, na mafuta yake yote ya nyama, kwa mikono yake miwili. "Nimekuja kushukuru. Mimi sina cha kumlipa."

"Nameza vidonge na silii," mtoto akaniarifu.

Nilifunga duka saa nne asubuhi, nyama ikiwa bado mezani. Chozi alikuwa ameaga kwenda duka la kompyuta lililo nyuma ya posta kuthibitisha kozi. Nikakimbia. Watu walinipisha njia mpaka barabarani, na nilipojitazama nikaona kwa nini: sikuvua aproni, na ilikuwa na damu mpaka magotini.

Alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya dirishani. Akaruka. "Baba! Mama ana nini?"

"Mzima. Umeshabonyeza?"

"Bado. Mtandao unasuasua."

Sijawahi kuushukuru mtandao mbovu namna ile. Nikamweleza habari ya mtoto wa Mama Maziwa, pumzi zikinikatika, na yeye akafunika uso kwa viganja. Nikaona nikinyamaza sasa sitasema tena milele.

"Mwanangu, nilikukosea. Nilitaka usiguse damu, kumbe mkono wako ndio ulionizuia nisiwauzie watu ugonjwa. Nashukuru. Nakushukuru wewe."

Mwenye duka akaanza kutoa nakala za karatasi tupu ili asitutazame.

Chozi hakubonyeza kitu. Alinipangusa jasho kwa mkono wa blauzi yake, akasema taratibu, "Baba, nikisoma udaktari wa mifugo nitarudi machinjio yaleyale. Nawe utaleta ng'ombe."

"Nitaleta."

"Na nikimkataa tena?"

Nilimwona ng'ombe huyo mbele yangu, mnene safari hii, amepakwa kijani shingo mpaka mkia.

"Mkatae," nikasema. "Nitapiga kelele, unanijua. Wewe mkatae."

Akakaa, akabonyeza.