Asiye na Mtu Bombani

Jua likishapoa, fundi cherehani alikaa mlangoni na nguo ya mteja mapajani, akiwatazama kina mama wenzake wakiteremka na ndoo. Walikwenda bombani kuwasubiri watoto wao waliokufa.

Bomba lenyewe lilijengwa na mradi, likakatiwa utepe, likapigiwa makofi, na halikutoa hata tone. Fundi bomba alipochimba aliona mpira wa maji umekomea palepale chini, haukuunganishwa na kitu. Akafukia, akaenda zake. Baadaye watoto waliokufa kwa kuhara wakaanza kuja bombani kila magharibi. Walinawa kwa sabuni, katikati ya vidole na chini ya kucha, kama picha ya ukutani ilivyoelekeza. Wakifungua wao, maji yalitoka, safi na baridi. Akifungua aliye hai, koki ilikohoa upepo. Basi kila mama aliyefiwa akawa anatekewa na mwanawe, ndoo moja kwa jioni.

Fundi cherehani alikuwa na watoto watatu, wazima wote. Alichemsha maji ya mtoni, aliwakata kucha, aliwagombeza. Zamani majirani walimsifu. Siku hizi walimhurumia.

"Maskini, hana mtu bombani," walisema.

Mkaa ulipopanda bei alimwendea wifi yake.

"Wifi, nigawie japo nusu ndoo. Sina cha kuchemshia."

"Ningekugawia. Ila hii yenyewe hainitoshi, na nikimwambia ateke mara ya pili hataki. Unamjua alivyo mkaidi."

"Namjua. Hata ile kaptula yake nilimshonea mimi."

"Na bado inamtosha," wifi akasema, akafunika ndoo yake.

Afisa wa maji alipopita jioni moja, fundi cherehani alimfuata.

"Baba, lile bomba linawatolea maji wafu tu."

"Linatoa au halitoi?"

"Linatoa."

"Sasa mama, shida iko wapi? Kuna mitaa haina hata hilo."

Akazipiga picha zile ndoo zilizojaa, akapanda gari.

Usiku ule watoto walipokuwa wanakula, mama aliwatazama. Mkubwa alikuwa akimsaidia kushona vifungo. Wa kati, mwalimu alimsifu kwa hesabu. Huyu mdogo bado hakujua hata kushika sindano. Mawazo yalipofika hapo aliinuka, akakusanya sahani na kuziosha, wenyewe wakiwa hawajashiba.

Mkaa ukaisha kabisa. Wakanywa maji ya mtoni vilevile yalivyo, na yule mdogo ndiye aliyeanza kuhara. Mama alimkorogea sukari na chumvi kama alivyofundishwa kliniki, kwa maji yaleyale. Kesho yake macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Alikufa kabla ya adhuhuri, akiomba maji.

Walipomaliza kuzika, fundi cherehani alichukua ndoo, akateremka. Kina mama walisogea, wakampa nafasi bila kuambiwa. Binti yake mdogo alikuja na wenzake, amevaa gauni ambalo mama alilipinda upindo asubuhi ileile. Hakumsalimia mtu. Alinawa kwanza, kisha akaivuta ndoo chini ya koki.

"Mwambie asijaze sana," wifi alimnong'oneza. "Siku za mwanzo mikono yao haina nguvu."

Mtoto alifunga maji yalipofika nusu, akamtazama mama yake.

"Ongeza kidogo, mwanangu," mama akasema.

Akaongeza. Aliinyanyua ndoo kwa mikono miwili, akayumba, akaitua miguuni kwa mama, kisha akaondoka na wenzake.

Nyumbani, wale wawili waliobaki walikuwa na kiu ya kutwa nzima. Mama aliwamiminia kila mmoja kikombe. Walikunywa mpaka mwisho, wakasema ni matamu, wakaomba mengine.