Kifungo Chekundu Nyuma ya Jitu

Mtu akija kumposa mdogo wangu, namkalisha kwanza kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, tucheze mchezo wetu wa hadithi na dadu. Wazazi wetu walishatangulia, mimi ndiye niliyemlea, basi jibu litoke kwangu. Maneno matamu kila mtu anayo. Mchezoni ndipo utamjua mtu.

Jumapili hiyo alikuja fundi bomba. Kinyozi, jirani yangu, ndiye msimulizi wetu: anatuchorea pango kwa chaki, mraba kwa mraba, na kuamua adui afanye nini. Sisi wachezaji ni vifungo. Mimi cheusi, mdogo wangu cheupe, mgeni nikampa chekundu. Kibiringo cha uzi kilikuwa jitu lenye rungu.

Jitu likambana mdogo wangu ukutani. Mimi nilikuwa mbali, nahangaika na fisi wawili.

"Simama mbele yake!" nikamwambia fundi bomba. Jamani, hilo nalo la kufundishwa?

Yeye akakisukuma kifungo chake, akalipita jitu ubavuni, akaenda kusimama nyuma yake.

"Ala! Unakimbia?"

"Ukimpita adui hivyo, anakupiga bure, bila kungoja zamu yake," kinyozi akamkumbusha.

"Najua. Apige."

Dadu zikaviringika. Rungu likampata barabara, akabakiwa na uhai kiduchu.

Damu ikanichemka. "Wewe bwana, si ungemkinga!"

"Dada, nikimkinga anakuwa nyuma yangu, hapati pa kupigia. Sasa jitu tumeliweka kati, halijui ligeukie wapi. Na mwenye shoka ni yeye, mimi nina kisu tu."

Kinyozi akatikisa kichwa kukubali. Jitu lililowekwa kati hupigika kirahisi, ndiyo sheria.

Mdogo wangu akazitupa dadu. Jitu chini! Akaruka kitini kwa furaha. Tumecheza miaka na miaka, na shoka lile sikuwahi kuliona likishuka, kwa sababu mbele yake husimama mimi.

Nilijisikia vibaya, na papo hapo nikafurahi. Nikakohoa, nikajiweka sawa kama mzazi. "Haya, fundi. Jibu langu ni hili..."

"Nipishe, dada," mdogo wangu akasema taratibu. "Hili nitamjibu mwenyewe."

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Nikavuta kiti changu pembeni, nikampisha.