Saa Zilizoota Kwenye Ntumba

Cornelia alikuwa anachambua dagaa wa Kipili kwenye ungo pale binti yake Herieth alipotangaza kwamba nyumba nzima itabadili mtindo wa maisha. Herieth alikuwa amerudi nyumbani Izia kutoka chuoni Dodoma, na mitindo aliyokuja nayo ilikuwa mingi kuliko nguo. Asubuhi maji ya uvuguvugu yenye limao. Kutembea kwa miguu kila siku. Nguo chache, zile tu zinazokupa furaha. Na jua likizama, simu zote ziwekwe mbali watu waongee.

Cornelia alisikiliza kwa adabu. Kutembea alikuwa anatembea tangu ajue kusimama. Nguo zake za maana zilikuwa vitenge vitatu, na vyote vilimpa furaha kwa sababu cha nne hakuwa nacho. Ila hilo la simu lilimgusa. Mumewe Isdori, fundi seremala, akishashika simu jioni humpati hata kwa tarumbeta, na kijana wao Adolfu wa bodaboda alikula akicheka na watu wasiokuwepo. Herieth naye, mwenye mtindo wake, alikuwa akiongea hayo yote huku anachezea yake.

"Ziwekwe wapi?" Cornelia aliuliza.

"Popote, mama. Mahali tusipozifikia. Zipumzike na sisi tupumzike."

Sasa, Mfipa ukimwambia kitu kipumzike, anajua pa kukiweka. Shamba likichoka Ufipani, majani yake yanakusanywa na kufunikwa udongo mpaka yawe kilima cha mviringo, ndiyo ntumba hiyo, maharage yanapandwa juu, na kinachooza chini kinakuja kulisha ulezi wa mwakani. Cornelia alizifunga zile simu tatu kwenye kipande cha mfuko wa mbolea, akaenda nyuma ya nyumba, akazifukia kwenye ntumba aliyokuwa ameipanda jana yake. Alikusudia kuzifukua kukicha. Usiku mvua ikanyesha, na kulipokucha maharage yalikuwa yamefika magotini. Isdori alikuja akayatazama. Harage linaloota haling'olewi, hilo halihitaji kikao.

"Yaache," alisema, akaenda kunywa maji yake ya limao.

Kwaresima haijafika hata katikati, yakawa yamekauka tayari kwa kuvunwa. Adolfu ndiye aliyepasua ganda la kwanza. Punje haikuwemo. Ndani mlikuwa na saa moja ya alasiri, nzima, yenye joto kidogo, mojawapo ya zile zilizokuwa zimeliwa na simu. Jua lilisimama juu ya mikaratusi likawangoja. Kila aliyekuwa uani akaipata saa ile, na ilipokwisha, jua likaendelea na safari yake. Isdori aliitazama saa yake ya mkononi, ikawa haijasogea. Akasema mbegu hii ni nzuri, itunzwe.

Jamani, watu walistarehe! Mlango uliokuwa umelegea tangu Adolfu yuko darasa la tatu ukatengenezwa. Baba na mwana wakacheza bao mpaka wakatukanana kwa raha. Herieth alilala usingizi wa mchana akaamka amenenepa uso. Masunga, jirani yao Msukuma, akipitisha ng'ombe aliomba aingie uani ajinyooshe kidogo.

"Ng'ombe hawana Jumapili," alisema. Akafunguliwa ganda, akalala, na ng'ombe nao wakalala kando yake.

Tatizo ni kwamba saa, hata ikitoka kwenye ganda, inaleta njaa. Ukimwongezea mtu saa nne kwa siku, umemwongezea na milo. Cornelia alisonga ugali wa mchana, akasonga wa jioni, na katikati yake akasonga mwingine, jua limesimama palepale linamtazama.

"Hii ndiyo afya, mama," Herieth alisema, akipokea sahani.

Ndipo Redempta, mwalimu wa kwaya ya kigango, akaja na neno lake. "Dada Cornelia, sauti ya pili imenipwaya, nakuhitaji Pasaka. Lakini asiyefika mazoezini haimbi. Saa kumi na moja jioni."

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya kuwasha moto. Cornelia aliimba kwaya usichanani, huko Chala, watu wakigeuza shingo kumtafuta. Tangu aolewe aliimbia sufuria. Aliitaka kwaya ile kuliko kitenge cha nne.

"Baba Herieth, naomba ganda moja nikaimbe."

"Chukua hata matano, mke wangu," Isdori alisema, na hakuwa na choyo hata chembe.

Alichukua moja, akalipasua njiani. Saa ikatoka, ikamwangalia usoni, ikaona siye mwenyewe. Ilikuwa ya Isdori, ya mpira na maoni ya mpira. Ikageuka ikarudi uani kwa Isdori, naye akailalia. Cornelia alibaki barabarani na ganda tupu. Simu haijawahi kula hata dakika yake. Zake zililiwa na kitu kingine, na alikijua kwa mpini wake.

Alirudi jikoni, akachukua mwiko, akainua ntumba ya pili kando ya ile ya kwanza, akaufukia humo na kupanda maharage juu.

"Mwiko uko wapi?" waliuliza jioni.

"Unapumzika."

Herieth alisema huo ni mtindo mzuri sana, hata vyombo vina haki. Kisha wote watatu wakamtazama mama. Isdori, ambaye si mtu wa kumwacha mkewe ahangaike, alipasua ganda, akakaa saa nzima anachonga mwiko mpya wa mninga, akautia na ua kwenye mpini. Alimkabidhi kwa mikono miwili. Ulikuwa mwiko mzuri kupita yote aliyowahi kushika, na Cornelia aliupenda, akashukuru, akasonga ugali.

Asubuhi ntumba ya pili ilikuwa haionekani kwa maharage. Yalikuwa yamepanda uzio, yakapanda paa la jiko, yakamwagikia upande wa barabara. Simu zilianza kula juzi tu; mwiko ulianza siku ya harusi. Cornelia alijaza kanga maganda, yalikuwa yamekwisha kukauka, akaenda kigangoni, akapasua moja mbele ya wanakwaya. Saa ile ilimtazama usoni, ikamfahamu, ikakaa. Waliimba jua likiwa limesimama dirishani, na aliporudi nyumbani ilikuwa bado saa kumi na moja, moto unangoja kuwashwa. Ikawa hivyo kila jioni mpaka Juma Kuu.

Siku ya Pasaka aliimba amevaa kitenge chake cha tatu. Shingo ziligeuka. Redempta alisahau kuongoza, mikono ikabaki hewani, na kwaya ikaenda yenyewe nyuma ya sauti ya Cornelia. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, mpaka miguu ikawa myepesi.

Isdori alimngoja mlangoni mwa kanisa, macho mekundu. Alimshika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya tangu harusi.

"Mama Herieth, umeniliza leo. Sauti hiyo ulikuwa umeiweka wapi siku zote?"

Cornelia alifungua mdomo amwambie.

"Twende," Isdori alisema kwa upendo, "watoto wana njaa."