Picha Isiyoguswa

Afisa wa wanafunzi wa kubadilishana pale chuoni kwetu tulimwita Subiri Kidogo, kwa sababu hakuwa na jibu jingine. Siku niliyomaliza kujaza maombi alinipa karatasi yenye kichwa cha herufi kubwa: MAMBO YA KUTARAJIA BAADA YA KUTUMA MAOMBI. Mambo yenyewe yalikuwa saba. Utapata ujumbe kwamba maombi yamepokelewa. Utasubiri. Utakubaliwa kwa masharti. Utachagua masomo. Utajaza fomu ya malazi. Utaomba viza. Utasafiri. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni kwake, nikajiona nimeshafika. Aliyeiandika, nasema bila kuumauma maneno, hakuwa na ukoo.

Maana jambo la kwanza la kutarajia ukishabonyeza kitufe cha kutuma ni mama yako. Mimi nilibonyeza saa nne asubuhi, na kufika saa saba mtaa mzima ulikuwa umeshanisafirisha. Nilikuwa nimeomba muhula mmoja tu, miezi mitano, katika chuo cha nchi ya baridi, nikasome uhandisi wa majitaka. Nafasi ilikuwa moja kwa chuo chetu kizima. Mama akawaambia watu nakwenda kusomea udaktari. Nilipomsahihisha alisema hayo mambo ya vyoo tutayazungumza nikirudi.

Shangazi zangu watatu wakaja na nyayo. Sifanyi mzaha. Kila mmoja alikuwa amekanyaga karatasi, akauzungushia mguu wake kalamu, akaandika pembeni rangi ya viatu anavyotaka nimletee. Waliingia kwa mlango wa jikoni, kama wanavyoingia watu wote nyumbani kwetu, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa haufunguliwi. Nilipokuwa na miaka minne nilianguka kwenye ngazi za mbele nikapasuka juu ya jicho la kushoto, na siku ileile Mama akaweka kabati la vyombo mlangoni ili asikanyage tena mtu pale. Miaka kumi na saba, jamani. Hata babu alipofariki, jeneza lake lilipitia jikoni, likazungushwa jiko, na mmoja wa wabebaji akateleza kwenye ganda la kitunguu. Basi nyayo za shangazi zikawekwa juu ya kabati hilo, zisije zikapotea.

Ujumbe wa kwanza ulikuja kesho yake. Maombi yako yamepokelewa, ulisema, tafadhali usijibu ujumbe huu. Mama, ambaye husoma kila karatasi inayoingia na kutoka nyumbani kwake, alitaka kujua ni watu wa namna gani hao wanaokusemesha halafu wanakukataza kuitikia. Nikamwambia ni mashine. Akasema mashine nayo imetumwa na mtu, na mtu huyo ana wazazi. Ikabidi nijibu, nikiwapa salamu zake na kuuliza hali zao na za watoto. Jibu likagonga mwamba, likarudi dakika ileile, na Mama akalisikitikia kama mzigo uliopotea.

Halafu ukaja huko kusubiri. Wiki saba. Kila Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Subiri Kidogo, ambako kiti cha wageni kilikuwa kimewekewa mafaili ili mgeni asipate pa kukaa, na kila Jumatatu alifunika kikombe chake cha chai, akanitazama kwa huruma, akasema lile jina lake. Nilikonda. Niliota nimekubaliwa, nikaota nimekataliwa, nikaota Subiri Kidogo amenioa. Wiki ya nane nikakubaliwa kwa masharti. Nikachagua masomo. Nikajaza fomu ya malazi iliyouliza kama nakoroma. Mama alisema niandike sikoromi, shangazi wote watatu wakaangalia pembeni.

Kufika hapo nikaanza kutembea kifua mbele. Ndipo Jumanne moja, siku tatu kabla ya orodha kufungwa, ukaja ujumbe ambao haukuwa kwenye karatasi ya mambo saba. Picha uliyoweka kwenye maombi, walisema, haionekani kuwa ya mtu aliye kwenye pasipoti yako. Tuma picha mpya ya studio, isiyohaririwa, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi atapewa anayefuata. Anayefuata nilikuwa namjua. Alikuwa kijana wa darasani kwetu ambaye tangu siku niliyokubaliwa alikuwa akiniuliza afya yangu kila asubuhi.

Sasa niseme juu ya Mjomba. Mjomba ni mdogo wake Mama, na ni mpiga picha. Studio yake ni chumba kimoja chenye kitambaa cheupe ukutani, kiti cha kuzunguka, kitana kilichofungwa kwa kamba kwenye kioo wasije wateja wakakiiba, na koti moja jeusi lenye tai iliyoshonewa moja kwa moja, ambalo nusu ya wanaume wa mji huu wamelivaa kwenye vitambulisho vyao. Picha za pasipoti yenyewe hupigwa ofisini kwao serikalini, kwa kamera yao, nao hawana huruma na mtu. Picha nyingine zote za maisha yangu, kuanzia chekechea, alizipiga Mjomba.

Na Mjomba husafisha. Ndivyo anavyoita. Hawezi kukupa picha kabla hajaketi kwenye kompyuta yake akakuondolea chunusi, makunyanzi, na miaka sita hivi. Mzee mmoja alisafishwa hadi benki ikamkatalia kuwa yeye ni yeye. Bibi mmoja alipofariki, picha yake ya msibani ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu waliulizana kumbe marehemu alikuwa na binti. Tulizoea. Picha zangu zote hazikuwa na kovu, na mimi nina kovu ambalo limekata nyusi ya kushoto vipande viwili, huhitaji miwani kuliona. Nilidhani ni mapenzi yake ya kazi tu.

Jumanne ileile nikaenda, nikamweleza mara tatu kwamba safari hii asiguse. Akaapa. Akanikalisha, akanipiga, nikatuma bila hata kuitazama sawasawa, kwa haraka yangu na ujinga wangu. Jumatano mchana wakajibu. Picha hii nayo imehaririwa, walisema, na safari hii hakukuwa na tafadhali. Tuma picha isiyoguswa, pamoja na maelezo ya maandishi yaliyotiwa saini na mpiga picha, aeleze kwa nini picha zote mbili zinatofautiana na pasipoti.

Nilifika studio nimefura. Mteja mmoja alikuwa ndani ya koti. Nikamwambia avue akatembeetembee. Nikafungua ile picha kwenye kompyuta, nikaivuta ikawa kubwa hadi nyusi ikajaa kioo kizima. Nyusi nzima, haina pengo, imejazwa unywele mmoja mmoja kwa subira ya mtu anayeshona. Nikamuuliza kama anataka nibaki hapa nimwoshee kitambaa chake cheupe mpaka nizeeke. Nikamwambia maneno mengine pia, ambayo siyarudii kwa sababu ni kaka wa mama yangu kwa cheo, japo ni mdogo wake kwa umri, na adabu nilifundishwa.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, kama anayesubiri kupigwa yeye.

"Nilijaribu kuiacha," alisema. "Mkono ulikataa. Hukuanguka kwenye ngazi, mwanangu. Ulikuwa hapa."

Akanisimulia akitazama sakafu. Mama alikuwa ameniacha kwake akaenda hospitali kumwona bibi. Joto lilikuwa kali, akauchukua mfuko wa mchanga unaozuia mguu wa taa kubwa, akauweka mlangoni ili mlango usijifunge na upepo uingie. Nikakimbia chini ya kitambaa, nikajinasa kwenye waya, taa ikaniangukia. Akanibeba mbiombio hadi nyumbani, damu shati zima, na wakati anapanda ngazi za mbele ndipo Mama naye anarudi. Akapiga kelele, akauliza nimeanguka wapi. Walikuwa wamesimama pale kwenye ngazi. Mjomba akasema, hapa.

Hapo hapo tu. Neno moja. Na jioni yake, dada mtu alipotaka mlango uzibwe, Mjomba ndiye aliyemsaidia kulisukuma kabati.

Nilitamani kucheka, nikatamani kumtupia kile kitana, nikajikuta nimeshika nyusi yangu. Hasira niliyokuja nayo haikuondoka, ila ilipoteza pa kukaa. Tukapiga picha upya. Nilisimama nyuma yake alipokuwa akiihifadhi, na mara mbili mkono wake ukaenda wenyewe kwenye brashi ya kusafishia, na mara mbili nikaupiga kofi.

Ikabaki barua. Aliandika ya kwanza akasema ni hitilafu za mitambo. Nikaichana. Ya pili akasema ni kawaida ya biashara, na mwanga wa nchi zetu ni mkali. Nikaichana nikamkumbusha Ijumaa ni keshokutwa, na kwamba watu hawa wameshatukamata mara mbili. Ya tatu akaandika kweli yote, ukurasa mmoja na nusu, na taa, na mfuko wa mchanga, na ngazi. Akatia saini, akapiga muhuri wa studio. Halafu akasema jambo ambalo sote wawili tulikuwa tunalijua tangu mwanzo, kwamba barua ikitoka nyumbani kwetu lazima Mama aisome.

Nikamwambia naweza kuituma kutoka chuoni, Mama asiione. Nilisema kwa moyo mmoja. Nilitaka nafasi yangu, sikutaka vita ya ndugu wawili wiki hiyo, na kabati limeshakaa miaka kumi na saba, miezi mitano zaidi ingedhuru nini. Mteja wa koti akarudi kuchungulia, Mjomba akamwashiria asubiri. Kisha akaikunja barua akaitia mfukoni mwa shati, akasema ataipeleka mwenyewe.

Alhamisi mchana aliingia kwa mlango wa jikoni. Mama alikuwa anapika. Akampa barua, akasimama karibu na jiko pale pale jeneza lilipokata kona. Mama aliisoma wima, mwiko mkononi. Akaimaliza, akarudi juu, akaisoma tena. Chakula kikaanza kuungua na hakuna aliyethubutu kukigusa. Nilijua sasa hivi ataichana, na saa sita ya kesho kijana wa darasani ataacha kuniuliza afya.

"Baba yetu tulimtoa kwa mlango gani?" Mama aliuliza.

"Jikoni," alisema Mjomba.

Mama akaepua sufuria. Akaomba kalamu. Chini ya saini ya mdogo wake akaandika kwa mwandiko wake kwamba yeye ni mama wa mwombaji, anawasalimu wote ofisini pamoja na wazazi wao, na kwamba anathibitisha haya yaliyoandikwa ingawa ndiyo kwanza anayasikia. Akanipa nikaitume. Mjomba hakuambiwa kaa wala ondoka, kwa hiyo aliendelea kusimama mpaka akachoka, akaenda zake.

Ijumaa saa tano na dakika ishirini wakajibu. Picha na maelezo vimekubaliwa, nafasi yako imethibitishwa, tafadhali usijibu ujumbe huu. Nililia, sioni haya kusema. Mama alinishika kichwa akakikandamiza tumboni kwake hadi nikakosa pumzi, kisha akaniuliza kama wamesema lolote kuhusu salamu.

Jumamosi Mjomba alikuja bila kuitwa. Alitoa vyombo vyote kabatini, sahani moja moja, akavipanga sakafuni. Mama alileta kiti akakaa katikati ya sebule na kikombe cha chai, akatazama. Nilipoinuka nikasaidie alinionyesha kidole nikakaa chini. Kabati lile ni la mbao za zamani, linataka watu wanne. Alilisukuma peke yake, kwa bega, kwa mgongo, kwa kukaa chini na kulisukuma kwa miguu, huku nyayo za shangazi zikimdondokea kichwani. Ilimchukua mpaka adhuhuri. Kufuli lilikuwa na kutu, akalitia mafuta, akaligonga, likafunguka. Upepo ukaingia sebuleni kutoka upande ambao sikuwahi kuujua kuwa una upepo. Mama akanywa chai yake yote, akainuka, akamimina nyingine kwenye kikombe cha pili, akakiweka mbele ya mdogo wake. Kusemeshana kulichukua wiki nyingine mbili.

Viza ilipotoka niliondoka kwa mlango wa mbele. Shangazi walilia, kisha wakanikumbusha rangi. Mjomba alikuwa amesimama chini ya ngazi na kamera yake, hajui kama anaruhusiwa. Mama alikuja akasimama kando yangu kwenye ngazi ile ile, akanishika kidevu, akanigeuza upande wa kushoto uelekee kamera, na akazirudisha nywele zangu nyuma ya sikio.

"Piga," alimwambia. "Na ukimaliza usiguse kitu."

Alipiga mara moja. Ninayo hapa, juu ya kitanda changu, katika chumba cha watu wasiokoroma. Imetoka na ukungu kidogo, Mama amefumba jicho moja, na Mjomba ameiacha hivyo hivyo.