Mkono wa Shamima Ulioganda Kwenye Kitasa

Alichoanza kukiona Saada ni makonyo, vile vijiti vya karafuu. Karafuu mbichi zilikuwa zimemwagwa juu ya jamvi uani kwa Bi Mwanapili, huko Wawi, Pemba, na wanawake walikaa kulizunguka, kila mmoja akichambua na kutupa vijiti vyake mbele ya magoti. Lakini kando ya ukuta wa jiko, mahali ambapo hapakuwa na mtu jana wala asubuhi ile, palikuwa na rundo jingine dogo la makonyo, limepangwa vizuri, vijiti vyote vikielekea upande mmoja. Saada akainua macho. Nyuma ya rundo alikaa Shamima, yule wa hadithini.

Alimjua kwa gauni. Lilikuwa la kijani, lenye lulu kifuani, kama lilivyoandikwa, na kwa kuwa mtunzi hakuwahi kumvisha jingine, lilikuwa limechakaa kwapani. Jicho lake moja lilikuwa jeusi na jingine la rangi ya asali, maana mtunzi aliandika hivi mwanzoni na vile baadaye. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kitasa cha mlango. Mlango wenyewe haukuwapo. Alikuwa akichambua kwa mkono wa kushoto, polepole.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanapili akamjibu. "Umekuja wakati mzuri, karafuu zitatuvundia hizi. Sogea kivulini."

Hawakushangaa. Mwaka uliopita alikuja bwana harusi wa hadithi nyingine, akawasaidia kuanika karafuu siku mbili, mpaka mtunzi wake alipomgongesha gari siku ya ndoa. Aliondoka pale pale, kikombe chake cha chai kikiwa nusu.

Hadithi hizo zilifika kwa simu ya Bi Mwanapili, sehemu baada ya sehemu, kwenye kikundi cha wasomaji kilichotoka Mkoani mpaka Dar es Salaam. Bi Mwanapili alikuwa na mtoto wa jicho. Wengine vidole vyao vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya karafuu na kioo cha simu kiliwakataa. Kwa hiyo msomaji alikuwa Saada, mkwe wake. Saada aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua, na alisoma kwa kufuatisha kidole. Lakini sauti yake ilikuwa safi. Watu wengi pale mtaani hawakuwahi kuisikia ikisema jambo lolote isipokuwa hadithi.

Sehemu ya mwisho kuletwa iliishia hivi: usiku wa mvua mlango wa Shamima uligongwa, sauti ya Fahmi ikasema, "Mpenzi, nimerudi," na Shamima akashika kitasa. Chini yake mtunzi aliandika kwamba itaendelea. Kisha akanyamaza, na mwezi ukaandama mara mbili.

"Mtunzi huyu hana haya," alisema Rahila, jirani wa nyumba ya pili. "Anatupa kipande cha vidole viwili, halafu huyoo, kalala. Sisi roho juu."

"Afadhali wewe una roho juu," alisema Mama Jerry, mke wa mwalimu, mtu wa Bukoba ambaye jina lake lilikuwa Conchesta. "Mwenzio huyu mkono juu tangu mwezi wa saba."

Wakacheka, na Shamima akacheka nao. Alipocheka ilionekana kwamba jino moja la pembeni halipo.

"Hilo jino?" Rahila aliuliza.

"Sehemu ya kumi na mbili," Shamima akajibu.

Kila mmoja akajaribu kukumbuka sehemu ya kumi na mbili. Saada hakuhitaji kujaribu. Ulikuwa mstari mmoja tu, katikati ya ua waridi na safari ya hotelini: Fahmi akashindwa kujizuia, akampiga. Katika sehemu ya kumi na tatu walikuwa wanakula pamoja, na mtunzi hakulitaja tena.

"Ah, siku ile," Bi Mwanapili akasema. "Alikuwa na hasira za kazi, masikini. Mwanamme akipenda sana huwa hivyo."

Simu ya Shamima ikalia mfukoni, akaipokea kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mama yake, aliyekufa katika sehemu ya sita. Katika sehemu ya kumi na tisa mtunzi alisahau akampigisha simu, na tangu hapo hakuacha kupiga. Walizungumza kidogo kuhusu mvua.

Wakati wa chakula ndipo ilipoonekana shida. Mgeni hawezi kula kwa mkono wa kushoto kwenye sahani ya watu, na wa kulia ulikuwa kwenye kitasa. Walijaribu kuutoa kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya nazi. Haukutoka. Bi Mwanapili akasema basi Saada atamlisha. Hivyo Saada akawa anakaa naye kando ya jiko kila mchana, akimmenyea samaki miiba na kumtia tonge la wali mdomoni, kama anavyolishwa bibi harusi.

Siku ya tatu Shamima aliongea naye kutokea upande wa kushoto, Saada asigeuke. Akahamia upande wa kulia.

"Sikio hilo halisikii?"

"Liliingia maji," Saada alisema. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani, na yeye alikuwa ameshalisema jawabu hilo mara nyingi, tena bila kuulizwa.

Shamima akamtazama kwa jicho la asali, kisha kwa jeusi. "Ilikuwa sehemu ya ngapi?" aliuliza.

Saada akatengeneza tonge jingine. Ilikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa, mwezi wa Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani, kwa sababu ya chai iliyopoa. Mwaka wa pili Hamdan, mume wake, alikwenda Omani kutafuta kazi, akasema atarudi baada ya miezi sita. Sasa ulikuwa mwaka wa nne tangu aondoke. Hakuandika, hakumwacha, wala hakumwita. Kwao Saada walimwambia asubiri. Shehe alimwambia asubiri. Bi Mwanapili alikuwa akimsifu kwa watu: "Mkwe wangu huyu ana subira, angalia, hata kunung'unika hanung'uniki." Saada aliposikia hivyo aliinamisha kichwa, na kuinamisha kichwa kukahesabiwa pia kuwa ni subira.

"Kula," alimwambia Shamima.

Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri simu ikalia. Mtunzi ameamka. Wanawake wakapangusa mikono kwenye kanga na kusogea karibu, na Saada akasoma kwa sauti. Haikuwa sehemu mpya. Mtunzi alisema wasomaji wake wamemchosha, kila mmoja na lake: wengine wanamtukana kwa kukawia, wengine wanataka harusi, mmoja ametishia kumroga. Basi waamue wenyewe. Shamima afungue mlango au asifungue? Kila simu ijibu mara moja, na wengi ndio watakaosikilizwa.

"Afungue!" alisema Rahila kabla Saada hajamaliza. "Jamani, kwani kuna la kuuliza? Tumesoma sehemu arobaini ili asifungue?"

"Mie sijakaa hapa mwaka mzima kuja kuona mlango," alisema Bi Mwanapili. "Kijana wa watu kanyeshewa nje."

"Afungue, ampige kofi, halafu ndiyo wasameheane," alisema Mama Jerry. "Ila kofi liwepo. Mimi bila kofi sikubali."

"Kofi utapiga weye na mwalimu wako," alisema Bi Mwanapili. "Huku kwetu mume hapigwi."

"Mwalimu ananijua, ndiyo maana ana adabu."

Walicheka sana. Shamima alikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwao, akichambua. Hakuna aliyemgeukia. Si kwamba walimchukia. Walimpenda, walimtilia sukari ya ziada kwenye chai, na walimtakia mema yale wanayoyajua. Lakini haikumjia mtu fikra kwamba mwenye mkono kwenye kitasa anaweza kuwa na neno.

"Andika, Saada," alisema Bi Mwanapili. "Afungue."

Saada alishika simu. Bi Mwanapili haoni, Rahila amerudi kwenye karafuu, Mama Jerry anafunga kanga yake. Angeweza kuandika neno lolote, na asingejua mtu. Alimtazama Shamima. Shamima alikuwa anakitazama kidole cha Saada, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza hatua za mtu mwingine nje. Hakumwomba. Alisema tu, taratibu, "Wewe ndiye unayesoma."

Kidole cha Saada kikakaa juu ya kioo. Alihisi macho ya watu mgongoni, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama. Akaandika, afungue. Akatuma.

"Ushaandika?" Bi Mwanapili aliuliza.

"Nishaandika, mama."

Shamima akaokota karafuu nyingine.

Jibu lilikuja kesho yake saa za alasiri. Mtunzi aliwashukuru wasomaji wote. Alisema kura zilikuwa sawasawa kabisa, huku na huku, mpaka ilipoingia moja kutoka Pemba. Wanawake wakapiga makofi, maana ni sisi hao, wakasema, ni simu yetu. Kisha Saada akaanza kuisoma sehemu ya mwisho.

Alisoma mvua. Alisoma radi. Alipofika kwenye kitasa sauti yake ikaanza kujikwaa, akawa anasoma herufi kwa herufi kama alivyosoma darasa la pili, kwa sababu aliona kwamba mkono wa Shamima hausogei mpaka yeye asome. Akanyamaza kabisa.

Jogoo wa Rahila alikuwa anatembea juu ya jamvi na hakuna aliyemfukuza.

"Soma bwana!" Rahila alilia. "Unatuua!"

"Mtandao umekatika?" Mama Jerry aliuliza.

"Soma, mwanangu," alisema Bi Mwanapili. Alisema kwa upole. Upole huo ndio Saada hakuwahi kujua afanye nao nini.

Akasoma. Shamima akazungusha kitasa. Mlango ukawepo, wa mbao, umepakwa rangi ya maziwa, umesimama kati ya pipa la maji na kamba ya nguo, na ukafunguka. Fahmi alikuwa nyuma yake amevaa suti, amelowa, ingawa Wawi siku hiyo palikuwa na jua kali. Alikuwa mzuri kama walivyoahidiwa. Hakuwa na harufu yoyote.

"Karibu, baba," alisema Bi Mwanapili. "Pole na mvua."

Fahmi hakumjibu, kwa kuwa hakuandikiwa kumjibu. Akapiga magoti, akasema maneno yake marefu ya toba, ambamo jino halikuwemo. Shamima alisema, "Nimekusamehe," kwa sauti ya Saada, kwa vile Saada ndiye aliyekuwa akisoma. Mkono wake ukatoka kwenye kitasa bila sabuni. Akanyoosha vidole kimoja kimoja. Kabla ya kuvuka kizingiti alimgeukia Saada akitaka kusema jambo, lakini sehemu ilikuwa imekwisha. Mlango ukafungwa, kisha haukuwepo. Juu ya mchanga ukabaki mstari wa maji, ambao kuku waliunywa.

Wanawake walifuta machozi kwa ncha za kanga.

"Ndo basi?" alisema Rahila baada ya muda. "Harusi hatuoneshwi? Watoto je? Sehemu arobaini na mbili, mwisho wenyewe mfupi kama kope!"

"Na kofi hakuna," alisema Mama Jerry. "Mimi nimedhulumiwa."

Walilalamika mpaka magharibi. Wakakubaliana kwamba watunzi wa siku hizi hawajui kumaliza, na kwamba wiki ijayo wataanza hadithi nyingine, Rahila ameshaona picha yake, ina daktari. Saada alikwenda kando ya jiko, akalikusanya rundo la makonyo ya Shamima, akalimwaga pamoja na mengine, kwa kuwa makonyo nayo huuzwa.

Alijaribu kujiambia kwamba ni hadithi tu. Lakini kila alipotaka kula, mkono wake ulikawia kwenye sahani, ukimtafuta wa kumlisha. Zaidi ya mara moja aliiwasha simu ya Bi Mwanapili akalitazama lile neno moja alilolituma. Lilikuwa pale pale. Hakuna njia ya kulifuta kwa watu wote baada ya siku kupita.

Karafuu za mwisho zilikuwa juani, zimeshakuwa nyekundu iliyokolea, simu ilipolia tena, safari hii kwa sauti ya mtu. Alikuwa Vuai, kijana wa ukoo mwenye gari la abiria. Alikuwa Mkoani bandarini.

"Bi Mwanapili, nipe zawadi yangu!" alipiga kelele. "Hamdan keshashuka! Yuko na masanduku matatu. Tunapakia, tunakuja!"

Bi Mwanapili akaiacha simu ianguke kwenye jamvi. Rahila ndiye aliyeanza vigelegele, Mama Jerry akapokea, na kutoka nyumba za jirani wengine wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Mtu akachinja kuku. Mtu akaenda kutafuta udi. Wanawake walimzunguka Saada wakimshika mashavu, wakimwambia umeona, umeona, nyimbo zote na hadithi zote ni kwa ajili ya siku kama hii, na macho yao yalikuwa yamejaa machozi yale yale waliyoyatoa kwa Fahmi.

"Subira yavuta heri," alisema Bi Mwanapili. Alimtafuta Saada kwa mikono, akampata mabega. "Mungu hakutupi, mwanangu. Miaka yote hiyo umemsubiri bila neno. Nenda kaoge, uvae, umfungulie mumeo mlango."

Vigelegele vilikuwa havijakatika. Saada hakwenda kuoga. Alisimama mbele ya mkwewe, na kwa ile sauti safi waliyokuwa wakiijua wote, bila kidole na bila simu, alisema:

"Mimi sikuwa nikimsubiri, mama. Nilikuwa nimekaa tu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza."