Upele wa Maharage

"Yana upele!" mama mkwe alinipigia kelele, akinitikisia mche wa maharage aliokuwa ameung'oa na mizizi yake. "Umetuletea ugonjwa shambani, Assunta!"

Nyuma yake nusu nzima ya shamba ilikuwa tupu. Maharage yangu mabichi yalikuwa yakifuka moshi kwenye lundo, kando ya ukuta wa mawe.

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Donato, mume wangu, alikuwa ameshasema: ngano ikigoma tena, tunauza shamba, tunahamia Torino kwenye viwanda. Mimi Torino sikuitaka hata kwa dawa. Ndiyo maana vuli ile nilipanda maharage, si ya kula, bali ya kufukiwa yangali mabichi, kama alivyokuwa akifanya baba yangu.

"Mama, si upele." Nilipasua kwa ukucha kinundu kimoja kati ya vile vilivyojaa kwenye mizizi, ndani kilikuwa cha rangi ya waridi. "Humu wanaishi bakteria. Maharage yanawapa sukari, nao wanachukua nitrojeni ya hewani, wanaigeuza chakula cha mmea. Tukiyafukia, ngano nayo itakula."

"Wapangaji wanaolipa kodi bila kudaiwa?" Alicheka kwa dharau. "Hao hawajazaliwa mji huu, mwanangu."

Jamani, mwanamke yule! Angeng'oa mpaka mche wa mwisho, ila kengele ya kanisa ililia. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na zamu ya kupikia meza ya maskini ilikuwa yake. Alijifuta mikono kwenye aproni akaondoka, bado anabwata. Nami nikamfunga nyumbu plau, nikaifukia nusu iliyobaki jioni ileile, kabla hajarudi.

Aprili ya mwaka uliofuata, ngano tuliyoipanda shamba zima ilikuwa na mpaka katikati. Upande mmoja ilikuwa ya kijani iliyokolea, inafika kiunoni. Upande wa pili ilikuwa fupi, ya manjano, ya kutia huruma. Donato aliitazama kwa muda mrefu. Torino hakuitaja tena.

"Nusu ile nzuri," mama mkwe aliwaambia majirani, mbele yangu, bila haya, "niliiombea kwa Mtakatifu Yosefu."

Nilitamani kupiga mayowe. Nikaenda kukamua mbuzi.

Vuli ilipofika, nilimkuta peke yake upande ule uliokuwa wa manjano, ameinama, anapanda maharage. Aliponiona akakunja uso.

"Usiniambie neno," alisema. "Nisogezee ndoo."